Mstari wa Kunguru na Kigoda cha Babu

Katika toleo lililopita tulichapisha makala na picha mbili, moja ikiwa ya kofia ya kioo, za kazi za Preston Singletary, msanii wa Kitlingit wa nchini Marekani, ambaye huchukua michoro ya wahenga wake wa pwani ya Alaska na kuitia katika vyombo vya kioo. Barua zilizofika hapa Tabora baada ya hapo hazikuuliza habari za Alaska peke yake. Watu wa kazi za mikono, wa hapa Tabora na wa Kigoma, wameandika kuuliza juu ya kazi zao wenyewe, nami nimeona ni haki kuwaachia safu yote ya mwezi huu. Nimechagua barua nne. Majina nimeyaacha, kama wenyewe walivyoomba.

*Shikamoo, Mzee Mhariri. Mimi ni fundi seremala wa miaka 28. Karakana yangu ipo Ng'ambo, hapa Tabora mjini, na kazi yangu ni milango, vitanda na makabati ya mninga. Marehemu babu yangu alikuwa akichonga vigoda, na nimebaki na kimoja chenye mistari iliyokatwa kuzunguka ukingo wake. Juzi niliiga mistari ile kwenye mlango wa mteja. Baba yangu mdogo alipouona alikasirika, akasema kitu cha kigoda hakiwekwi mlangoni na kwamba nimeanza kuuza mila. Nilipoiona picha ya kofia ya kioo nikajiuliza: kama yule msanii ameutoa mchoro kwenye mbao akaupeleka kwenye kioo, na watu wake wanamheshimu, mimi nimekosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelikalia siku nyingi, kwa sababu mtu akilijibu haraka atakuonea wewe au atamwonea baba yako mdogo, na kwa maoni yangu nyote wawili mna hoja.

Tuanze na kule ilikotoka kofia ile. Watlingit ni watu wa pwani na visiwa vya kusini-mashariki ya Alaska, nchi ya mvua nyingi, ya misitu mikubwa ya mierezi na ya mito ambayo samaki wa samoni huipanda kwa wingi kila mwaka. Mwerezi ndio uliowapa nyumba, mitumbwi, masanduku na zile nguzo ndefu za kuchongwa ambazo picha zake zimeenea duniani kote. Juu ya vitu hivyo, kuanzia kijiko cha pembe hadi ukuta wa nyumba ya ukoo, walichora kwa namna moja ambayo mtu akishaizoea huitambua hata akiwa mbali. Msingi wake ni mstari mnene, kwa kawaida mweusi, unaotembea bila kukatika, unaonenepa unapopinda na kukonda unapokutana na mwenzake. Mstari huo hauzungushiwi mnyama kama mpaka unavyozungushiwa shamba. Wenyewe ndio mwili wa mnyama. Ndani yake huja mstari wa pili, mara nyingi mwekundu, na mahali pachache hutiwa rangi iliyo kati ya buluu na kijani. Jicho, bega na kiungo cha bawa huonyeshwa kwa umbo linalofanana na yai lililobanwa, ambalo ukingo wake wa juu umetuna na wa chini umeingia ndani kidogo, na unyoya, pezi au sikio huonyeshwa kwa umbo la herufi U. Hata nafasi zilizo tupu kati ya mistari zina maumbo yake yanayojulikana, na mchongaji hupimwa kwa nafasi hizo sawasawa na anavyopimwa kwa mistari yenyewe.

Haya yote si mazoea ya mkono tu. Ni kanuni zinazoweza kuelezwa. Mtaalamu mmoja wa Seattle, Bill Holm, alichunguza mamia ya vitu vya kale vya pwani ile, na mwaka 1965 akachapisha kitabu kilichozieleza kanuni hizo moja baada ya nyingine. Wachongaji wenyeji ambao walimu wao walikuwa wamekwisha kufa walikitumia kitabu hicho, pamoja na vitu vya wazee vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, kurudisha mkononi kile ambacho shule za wageni na makatazo ya miaka mingi yalikuwa yamekikatiza.

Sasa mwangalie Singletary. Alizaliwa San Francisco mwaka 1963, akakulia Seattle, mbali na vijiji vya wazee wake. Mwaka 1982 aliingia katika karakana ya kioo, na kwa miaka kadhaa alijifunza kupuliza kioo kwa njia za Ulaya, na kati ya walimu wake walikuwamo mafundi waliotoka Venice, Italia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo alipoanza kuitafuta michoro ya watu wake. Alijifunza kwa kuchora na kuchora tena, na kwa kukaa na wachongaji wa pwani ile, akiwamo Joe David wa watu wa Nuu-chah-nulth. Naomba ulizingatie jambo hilo kabla ya jingine lolote: kijana huyu alikuwa tayari fundi hodari wa kioo, lakini ilipofika kwenye mchoro alikubali kurudi darasa la kwanza.

Kazi yenyewe hupitia hatua ambazo wewe, kama fundi, utazielewa mara moja. Kioo huyeyushwa tanurini na kupulizwa kwa bomba refu la chuma, kisha tabaka la rangi moja huvikwa tabaka jembamba la rangi nyingine. Chombo hupozwa polepole sana, kwa maana kioo kinachopoa haraka hupasuka. Kikishapoa, msanii huchora juu yake, hufunika sehemu zinazotakiwa kubaki, na zile zilizoachwa wazi hupulizwa mchanga kwa nguvu ya hewa mpaka tabaka la juu liliwe. Kinachobaki ni mstari uliotuna, wenye ukingo ambao kidole kinauhisi, kama ule ambao patasi ingeuacha kwenye mbao. Lakini taa ikiangaza kupitia chombo hicho, mchoro huanguka mezani kama kivuli chenye rangi, na hilo mbao haiwezi kulifanya.

Wala kioo si kigeni kwao kama kinavyoonekana. Meli za wafanyabiashara katika karne ya 18 na ya 19 ziliwaletea Watlingit shanga za kioo, wakazishonea mavazi yao ya heshima. Sisi wa Unyanyembe tunaijua habari hiyo vizuri. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilileta hapa shanga zilizotengenezwa Venice, mabibi zetu wakazivaa shingoni na viunoni hata zikawa zetu kabisa, na leo hakuna bibi harusi anayeulizwa kwa nini amevaa kitu cha Ulaya. Nilipogundua kwamba mji uleule uliotuletea shanga ndio uliotoa baadhi ya walimu wa msanii huyu, nilikaa nikaitazama picha ile upya kwa muda mrefu.

Lipo pia jambo la sababu, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Maonyesho yake makubwa, ambayo yalifunguliwa mwaka 2018 katika Jumba la Makumbusho ya Kioo la Tacoma na kufika Washington mwaka 2022, yalisimulia hadithi ya Kunguru na sanduku la mchana. Wazee wa Kitlingit husimulia kwamba zamani ulimwengu ulikuwa gizani, kwa kuwa mkuu mmoja aliyeishi kwenye mto Nass alizificha nyota, mwezi na mchana ndani ya masanduku yake. Kunguru akajigeuza kijani chembamba cha mti, akaanguka katika maji ya kunywa, binti wa mkuu akakimeza, akachukua mimba, na Kunguru akazaliwa mjukuu wa nyumba ile. Mtoto akawa analia usiku na mchana akitaka achezee masanduku. Babu, kwa kumpenda mjukuu wake, akampa la kwanza, akampa la pili, akampa na la tatu, na kila lilipofunguliwa nuru ikatoka nje isirudi tena. Mchongaji wa mbao anaweza kulichonga sanduku lile vizuri mno, na Kunguru aliyelishika. Asichoweza ni kuionyesha nuru yenyewe ikiwaka ndani. Kioo kinaweza. Kwa hiyo Singletary alipoacha mbao hakuwa akitafuta upya kwa ajili ya upya. Aliichukua hadithi ya nuru akaipeleka kwenye kitu kinachopitisha nuru, na hadithi ikapata mahali ambapo haikuwahi kupapata.

Sasa nikurudie wewe na mlango wako. Je, mistari ya kigoda cha babu yako ni mingapi? Imekatwa kwa kina gani, inaanzia wapi, na je, inaishia popote? Kigoda ni cha duara, na mstari unaokizunguka hauna mwanzo wala mwisho. Mlango una kona nne. Ulipoufikisha mstari ule kwenye kona ulifanya nini? Nadhani uliukata pale ubao ulipokwisha, maana ndivyo wengi wetu tungefanya, na kama ndivyo, basi umelichukua pambo la babu yako ukaliacha wazo lake. Watlingit walikutana na tatizo la kona zamani. Kuta za sanduku lao hutengenezwa kwa ubao mmoja tu wa mwerezi, ambao huchanjwa mahali patatu, hufukizwa kwa mvuke mpaka ulainike, hukunjwa ukapata pande nne, na kona ya mwisho hushonwa au hupigiliwa vijiti. Katika baadhi ya masanduku hayo mchoro hupita kwenye kona bila kukatika, uso wa mnyama ukiwa upande huu na ubavu wake ukiendelea upande ule. Mchongaji aliifikiria kona kabla ya kushika kisu. Nawe fikiria kona yako. Pengine mahali pa mstari ule si kwenye bapa la mlango bali kwenye mguu wa meza ya duara, au ukingo wa sinia, au kitasa cha mbao kinachojaa kiganja cha mtu.

Kuhusu baba yako mdogo, amesema jambo moja la kweli, kwamba si kila alama ni pambo. Katika himaya za Unyamwezi kiti cha mtemi hakikuwa samani ya kukalia tu, na kiti kimoja cha namna hiyo kilichotoka Buruli, chenye umbo la mtu kwenye egemeo lake, kipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin. Mwendee mzee huyo kwa adabu, kaa chini, umpelekee kigoda chenyewe mkononi, umwulize: babu alikuwa akimchongea nani vigoda hivi? Mistari hii mafundi wengine waliitumia, au ni ya nyumba yetu? Kama ilikuwa ya kila fundi, mlango wako hauna hatia isipokuwa ile ya kona. Kama ilikuwa alama ya nyumba yenu, mlango wa mteja asiyehusika si mahali pake, na itakubidi ubuni mstari mwingine kwa kufuata kanuni ileile.

Usikate tamaa kwa kuwa umeanza peke yako. Nathan Jackson, aliyezaliwa mwaka 1938 na ambaye leo ni mmoja wa wachongaji wanaoheshimiwa kupita wote kati ya Watlingit, alianza kuchonga vinguzo vidogo alipokuwa akipata nafuu baada ya kuugua nimonia. Baadaye alikwenda kusoma Santa Fe, akarudi, na nguzo zake sasa zimesimama Ketchikan na Saxman na kwingineko. Mwaka 1995 alipewa tuzo ya taifa ya Marekani kwa walinzi wa urithi. Chombo chake kikuu ni tezo, kama ile inayotumiwa na mafundi wa mitumbwi wa Kigoma.

*Ndugu Mhariri, salaam kutoka Kasulu. Katika makala yenu mlitaja nguzo za kuchongwa zenye wanyama. Je, watu hao waliziabudu? Nauliza kwa sababu binti yangu anapenda kuchora na nisingependa achore vitu vya ibada ya sanamu.*

Hapana, ndugu yangu. Wageni wengi waliofika pwani ile, wakiwamo wamisionari, walidhani kama unavyodhani, na kwa dhana hiyo nguzo nyingi ziliangamizwa au ziliachwa zioze. Nguzo husimamishwa kueleza ukoo wa watu, kumkumbuka marehemu au kuhifadhi habari ya tukio, na wanyama waliochongwa ni nembo za koo hizo. Ilikuwapo pia namna nyingine ya kuzidharau, nayo ni kuzifanya mapambo yasiyo na mwenyewe. Mwaka 1899 msafara wa uchunguzi wa Harriman, tajiri wa reli wa Marekani, ulifika katika kijiji cha Cape Fox, ambacho wakazi wake walikuwa wamehamia Saxman, ukabeba nguzo na vitu vingine kana kwamba vimeokotwa. Vilirudishwa kwa wazao wa wenyewe mwaka 2001. Mwache binti yako achore, ila mfundishe kuuliza mchoro ni wa nani.

*Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mama wa Ujiji, nasuka mikeka ya ukili tangu nikiwa msichana, na ruwaza zote nilifundishwa na shangazi yangu. Mwaka jana alikuja mnunuzi, akanunua mikeka miwili, akapiga picha ile mingine yote. Haikupita miezi mingi nikaikuta ruwaza ya shangazi kwenye mikeka ya plastiki sokoni. Nilipolalamika nikaambiwa kwamba mila ni ya wote, haina mwenyewe. Je, hao Watlingit nao huambiwa hivyo? Na mimi nifanye nini?*

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Barua yako iliniumiza, kwa sababu neno hilo la "mila ni ya wote" nimelisikia likitamkwa mara nyingi, na karibu kila mara na mtu aliyekwisha kuchukua.

Watlingit nao wameambiwa hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na jibu lao lipo katika neno moja la lugha yao, *at.óow*. Maana yake ni kitu kinachomilikiwa, kitu kilicholipiwa. Jamii yao imegawanyika katika nusu mbili, ya Kunguru na ya Tai, ambayo wengine huiita ya Mbwa Mwitu, na kila nusu ina koo zake. Mtoto huwa wa ukoo wa mama yake, na zamani ndoa ilikuwa lazima ivuke kutoka nusu moja kwenda nyingine. Kila ukoo una nembo zake, nyimbo zake, majina yake, hadithi zake na hata milima na mito yake. Nembo haikuchaguliwa kwa kupendeza. Ilipatikana kwa tukio lililowafika wahenga, mara nyingine kwa gharama ya maisha ya mtu, na gharama hiyo ndiyo malipo yanayotajwa na lile neno. Kitu kikishachongwa chenye nembo, hutolewa hadharani katika sherehe mbele ya koo za nusu ya pili, ambazo hualikwa kama mashahidi na kupewa zawadi kwa ushahidi wao. Huo ndio usajili wao, na ulikuwapo kabla ya karatasi za serikali yoyote kufika Alaska.

Jambo hili si geni kwetu. Babu yangu alikuwa mrina asali katika misitu ya miyombo, na kila mzinga wa gome alioutundika aliuchonga alama yake karibu na mdomo. Mtu mwingine aliweza kutengeneza mzinga kama wake, kwa gome la mti wa aina ileile, kwa vijiti vya kushikiza vilevile, wala hakuna aliyemzuia. Lakini alama ile hakuna aliyethubutu kuiweka kwenye mzinga wake, na asali ya mzinga wenye alama ile haikurinwa na mwingine hata katika mwaka wa njaa. Ufundi ulikuwa wa wote, na alama ilikuwa ya mwenyewe. Wasanii wa Kitlingit hutembea katika tofauti hiyohiyo kila siku. Namna ya kuchora, yaani ule mstari na yale maumbo ya yai na U, ni lugha ambayo wasanii wote wa jamii yao huizungumza. Nembo ya ukoo ni sentensi ya watu fulani, na anayetaka kuitumia huomba. Mwaka 2021 shirika la posta la Marekani lilitoa stempu iliyochorwa na Rico Worl wa Juneau, ya kwanza kuchorwa na msanii wa Kitlingit, nayo ilimwonyesha Kunguru katika hadithi ileile ya kuleta nuru, inayojulikana na kusimuliwa kwa Watlingit wote.

Kuhusu wafumaji, wenzako wa kazi, nina habari ndefu kidogo. Watlingit wana vazi la heshima linaloitwa la Chilkat, linalofumwa kwa sufu ya mbuzi wa milimani iliyosokotwa pamoja na nyuzi za gome la mwerezi wa manjano. Hufumwa kwa vidole, na fundi wa Chilkat anaweza kufuma duara kamili, jambo ambalo kila mwenye kujua kusuka atashangaa kulisikia, kwa kuwa ukili na uzi hupenda kwenda mraba. Zamani wanaume walichora kielelezo kwenye ubao, nusu ya mchoro tu na ziada kidogo, na mwanamke aliyefuma aliigeuza nusu hiyo kichwani mwake ili apate nusu ya pili. Ufundi huo ulifika mahali pa kukaribia kuzimika mikononi mwa wazee wachache. Mmoja wao, Jennie Thlunaut, alikubali mwaka 1985, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, kuwafundisha wanawake vijana huko Haines. Mwaka uliofuata alifariki. Kati ya waliojifunza kwake alikuwamo Clarissa Rizal, ambaye alifuma mavazi ya kale na kubuni mapya, akafundisha wengine wengi, na mwaka 2016, mwaka aliofariki, akapewa tuzo ileile ya taifa aliyopewa Nathan Jackson.

Baada ya kifo chake, kampuni moja ya maduka ya mavazi ya gharama ilionekana ikiuza koti ambalo ilidaiwa kwamba limenakili vazi alilolibuni. Taasisi ya urithi ya Sealaska ya Juneau ilifungua kesi mwaka 2020, na mwaka uliofuata shauri likamalizika kwa maelewano. Marekani wana pia sheria ya mwaka 1990 inayomkataza mtu kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji wa asili ilhali si kweli. Ninakueleza haya ili ujue kwamba malalamiko yako si ya mtu mgomvi, bali ni ya namna ambayo mahakama zimekwisha kuyasikiliza.

Sisi nasi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ndani yake imo sehemu inayolinda kazi za sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara, nje ya mazingira yake ya asili, bila kibali. Ushauri wangu ni kwamba usiende peke yako. Wakusanyeni wasusi wa Ujiji mnaotumia ruwaza zilizotoka kwa shangazi na wenzake, mpige picha kila mkeka, mwandike jina la ruwaza kama mnavyoiita, nani alimfundisha nani, na tangu mwaka gani. Pelekeni daftari hilo kwa afisa utamaduni wa wilaya, na kupitia kwake muulize ofisi ya hakimiliki, COSOTA, pamoja na Baraza la Sanaa la Taifa. Sikuahidi kwamba mikeka ya plastiki itaondoka sokoni. Lakini mnunuzi wa pili akija na simu yake mkononi, atakuta daftari na akina mama ishirini, na mazungumzo yatakuwa mengine.

Usiache kufundisha kwa sababu ya hasira. Najua kishawishi hicho. Bibi Thlunaut alikuwa na kila sababu ya kuuficha ufundi wake, akautoa.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule moja ya sekondari ya Kigoma. Wanafunzi wangu wanaona kwamba msanii wa kisasa hapaswi kufungwa na kanuni za wazee, na wengine wanataka kuchukua ngoma na michoro ya asili na kuichanganya na muziki wa kompyuta. Je, niwazuie?*

Usiwazuie, mwalimu, ila wacheleweshe kidogo. Waonyeshe kazi za Nicholas Galanin wa Sitka, aliyezaliwa mwaka 1979. Huyu ni mkali kuliko Singletary. Kazi zake zinagombana waziwazi na historia ya nchi yake, na mwaka 2021 alisimamisha katika jangwa la California maneno makubwa meupe, kwa herufi za mtindo wa lile bango maarufu la Hollywood, yakisema kwa Kiingereza INDIAN LAND, yaani ardhi ya wenyeji wa asili wa Marekani. Lakini kabla ya hapo alikuwa amejifunza ufundi wa vito na uchongaji, katika familia yenye mafundi, kisha London na New Zealand. Mwaka 2006 alitengeneza video mbili zinazokwenda pamoja. Katika ya kwanza kijana wa mavazi ya kawaida anacheza dansi ya kisasa, viungo vikilegea na kukaza kama maji, huku wimbo unaosikika ni wa kale wa Kitlingit. Katika ya pili mchezaji aliyevaa mavazi ya jadi anacheza ngoma ya Kunguru, na muziki unaosikika ni wa kielektroniki. Ukizitazama mara ya kwanza unadhani umeonyeshwa mchanganyiko. Ukizitazama mara ya tatu unaona kwamba kila mchezaji amekaa ndani ya kipigo barabara, hakuna aliyepotea. Jina la kazi hiyo ni *Tsu Héidei Shugaxtutaan*, nalo kwa Kiswahili ni karibu na kusema kwamba tutakifungua tena chombo hiki cha hekima tulichoachiwa tukitunze.

Kwa hiyo wape wanafunzi wako kazi hii. Wale wa ngoma waende kwanza kwa wapigaji wenyewe, wakae jioni tatu bila simu, wajifunze kuushika mdundo kwa mkono kabla ya kuupeleka kwenye kompyuta. Wale wa michoro waende kwa yule mama wa Ujiji, kwa ruhusa yake, wakasuke ukili hatua mbili tu kila mmoja, waone ruwaza inavyogeuka mkononi. Halafu wavunje wanachotaka kuvunja, watakuwa wanajua wamevunja nini.

Na kama mwaka huu mtapata nafasi ya kuja Tabora kwa reli, andikeni mapema. Fundi wa Ng'ambo amekwisha kunijibu kwamba kigoda cha babu yake kipo karakanani, juu ya rafu, na mgeni yeyote atakayeosha mikono ataruhusiwa kukishika. Baba mdogo naye amekubali kuwapo.